Miaka mitatu ya shahada ya mazingira: uzoefu wangu

Nilisoma shahada ya kwanza ya sayansi na usimamizi wa mazingira kwa miaka mitatu katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Kila msimu wa udahili, wadogo zangu waliomaliza kidato cha sita, hasa wa tahasusi ya CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), huniuliza kama shahada hii inafaa, na nadhani wanastahili jibu lenye maelezo ya kutosha.

Mwaka wa kwanza ulinikatisha tamaa. Tulipitia kemia, ikolojia, takwimu, uchumi na sera, kila somo kwa kiasi kidogo, na dhana ya maendeleo endelevu tukafundishwa kwa mfuatano wa matukio: ripoti ya Tume ya Brundtland, tume ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na maendeleo, ya mwaka 1987, mkutano wa dunia kuhusu mazingira uliofanyika Rio mwaka 1992, kisha Malengo 17 ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015. Nilikariri, nikafaulu, lakini sikuweza kumweleza mzazi wangu kazi niliyokuwa najifunza kuifanya.

Niliielewa kazi hiyo mwaka wa pili, katika somo la Tathmini ya Athari kwa Mazingira, yaani kuchunguza madhara ya mradi kabla haujajengwa. Mhadhiri hakuanza na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, bali alianza na bwawa la umeme la Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Chura mdogo wa Kihansi, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto walio tayari na umbo la chura, aligunduliwa mwaka 1996 wakati ujenzi ukiwa umeshaanza. Na maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, ukungu wa maporomoko uliokuwa ukilowanisha makazi yake ukapungua mno. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa wakatunzwe Marekani, mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, ambako sasa kuna mabomba ya kunyunyizia maji. Tulijadiliana kwa majuma mawili. Waliotetea umeme walikuwa na hoja nzito, kwa kuwa nchi ilikuwa na mgawo na hospitali zilihitaji umeme huo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Hata hivyo, niliondoka nikiamini kwamba uchunguzi wa viumbe unaofanywa baada ya uamuzi kupitishwa huwa umeshachelewa, na imani hiyo ndiyo inayoniongoza kazini hadi leo.

Jambo la pili ninalolishukuru ni mafunzo kwa vitendo. Kwa majuma manane nilikuwa katika halmashauri moja, tukipima taka za kaya mtaa kwa mtaa kwa mizani ya kuning'iniza, na tulipozichambua tukakuta zaidi ya nusu ya uzito wake ni maganda ya ndizi, mabaki ya ugali na mboga, yaani vitu ambavyo vingegeuzwa mboji badala ya kusafirishwa kwa lori hadi dampo. Mama mmoja aliyekuwa akilima mchicha nyuma ya nyumba yake alikuwa akigeuza taka zake mboji miaka yote bila kufundishwa na mtu, nasi tukamwandika katika ripoti yetu kama mfano wa kuigwa.

Kasoro zipo, tena si ndogo. Somo la kuchora ramani kwa kompyuta lilifundishwa mwaka wa tatu tu, wanafunzi wanne wakigawana mashine moja, ilhali waajiri wengi niliokutana nao waliniuliza kwanza kuhusu ujuzi huo. Safari za uwandani nazo zilipunguzwa kwa sababu ya fedha. Kuhusu ajira, ni vyema mtu ajue mapema kwamba mtaalamu wa mazingira hutakiwa kusajiliwa, na usajili unadai uzoefu, hivyo mhitimu huanza kama msaidizi chini ya mtaalamu aliyekwisha kusajiliwa. Mimi nilisubiri miezi kumi na minne.

Ningeichagua tena shahada hii, ila ningejifunza ramani za kompyuta tangu mwaka wa kwanza, kwa muda wangu mwenyewe. Na kabla ya kujaza fomu ya udahili, ningewatafuta wanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo ninachokitaka nikawaulize ni siku ngapi walizokaa uwandani.