TAHADHARI: Kamshafti za "272" za 4A-GE, wakuu msilizwe kama mimi

Wakuu, nimelizwa laki sita na nusu kwa kamshafti feki (zile fito zenye nundu zinazofungua valvu za injini), na muuzaji bado yuko kazini.

Nina Toyota Corolla AE92 yenye injini ya 4A-GE ya valvu 16. Gari nzuri, ila ukishazoea mshale kugusa 7,000 unaanza kutamani makubwa. Nikaona tangazo: jozi ya kamshafti "za resi, mpya kabisa, digrii 272, lifti 8.2, na shimu zake". Digrii ni kiasi cha mzunguko wa injini ambacho valvu inakaa wazi, lifti ni milimita ambazo nundu inaisukuma valvu, na shimu ni visahani vya chuma vya kurekebisha gepu kati ya nundu na valvu. Kamshafti za kiwandani kwenye injini hii ni digrii 240, kwa hiyo kwa 272 valvu zinakaa wazi muda mrefu zaidi na injini inapumua vizuri kwenye mzunguko mkubwa. Jamaa anaijua lugha yote. Aliniuliza hadi springi zangu za valvu ni za aina gani. Hapo ndipo aliponinasa, nikajisemea huyu ni fundi mwenzetu. Nikatuma hela, mzigo ukaja kwa basi, umefungwa vizuri kuliko zawadi ya harusi.

Fundi wangu alitaka kuzipima kwanza. Mimi ndiye niliyemharakisha, kulikuwa na mbio Jumapili.

Kilomita kama 400 baadaye injini ikaanza kulia kama cherehani. Tukamwaga oili: inametameta kama imenyunyiziwa unga wa fedha. Tulipofungua kava, nundu moja ya upande wa ekzosti ilikuwa imelika mpaka ncha imekuwa bapa, na shimu iliyo chini yake imechimbika, unaingiza ukucha.

Sasa ndiyo tukakumbuka venia, kile kifaa cha kubana cha kupimia vipimo vidogo. Kipimo ni rahisi, kila mtu anaweza: pima urefu wa nundu kutoka nchani hadi mgongoni, kisha pima kipenyo cha ile sehemu yake ya duara, toa. Jibu ndiyo lifti. Yangu ilikuja milimita 7.6, si 8.2. Lakini kilichonimaliza ni duara lenyewe: lilikuwa jembamba kwa milimita 2 kuliko la kamshafti zangu za zamani. Maana yake hizi ni kamshafti kuukuu za kiwandani, zimesagwa nundu nzima, mgongoni hadi nchani, ili zionekane za resi, zikapakwa rangi nyeusi, zikaitwa mpya.

Ukisaga kipenyo milimita 2, gepu la valvu linaongezeka milimita 1. Gepu halali la injini hii ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa intek (valvu za kuingiza hewa) na 0.20 hadi 0.30 kwa ekzosti. Shimu za Toyota zinaishia unene wa 3.30, kwa hiyo kama yako ilikuwa 2.70 sasa unahitaji 3.70, ambayo dukani haipo. Ndiyo sababu ya ile "ofa" ya shimu. Zilikuwa kwenye kimfuko cha nailoni, hazina namba ya unene hata moja. Chuma laini, mtu kachonga mwenyewe. Na kwa kuwa kwenye 4A-GE shimu inakaa juu ya tapeti (kikombe kinachosukuma valvu), ikiwa nene hivyo inachomoza, na nundu inaweza kuirusha nje ukiwa kwenye mzunguko mkubwa. Mimi nimebahatika, yangu ililika tu.

Sisemi kamshafti ya kusagwa ni haramu. Wapo wanaosaga kwa ufundi, wanakwambia wazi imesagwa, wanakupa karatasi ya vipimo, na bei inaeleweka. Huyu amesaga mpaka akapita ule ugumu wa juu wa chuma, halafu anauza kama mpya.

Kwa hiyo kabla ya kutuma hela, omba picha ya venia ikiwa kwenye nundu na nyingine ikiwa kwenye duara, namba zisomeke. Mwenye mzigo halali atapiga dakika mbili. Mzigo ukifika, linganisha duara na kamshafti yako ya zamani kabla hujamwita fundi. Hata zikiwa halali, zungusha injini kwa mkono ukiwa umeweka plastisini juu ya pistoni, uone valvu inapita umbali gani kutoka kwenye pistoni.

Nilipompigia alisema fundi wangu hajui kazi, kisha akaniblock. Juzi nimemuona kwa jina jingine. Picha ni ileile, kamshafti mbili juu ya taulo la bluu lenye doa la oili pembeni. Sasa anasema ni 288.