Uzoefu wangu kununua gari iliyotumika: tumekubaliana bei nje, tumeingia ofisini imepanda

Naandika bado nina hasira, mnisamehe kama nitaongea sana. Nimenunua gari iliyotumika hivi karibuni kwenye yadi moja ambayo siitaji jina, na gari yenyewe ni nzuri, hilo nitalisema mbele huko, ila yule kijana muuzaji aliyenipokea hafai kabisa kukaa karibu na mteja, na nasema hivo nikiwa na akili zangu timamu.

Nianze na simu. Kabla ya kwenda nilimpigia nikamwomba kitu kimoja tu, injini isiwashwe mpaka nifike. Akasema hamna shida dada. Mi nikaenda na fundi wangu, kijana ninayemwamini, tumefika asubuhi, fundi hata hajaongea akaweka kiganja juu ya boneti akanitazama, nikaweka na mimi, ya moto. Na wenye magari wanajua kwa nini hilo linauma, injini ikiwashwa ikiwa ya baridi ndo inasema ukweli wake, kama sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oili isivuje ikaungua ndani ya injini, zimechoka utaona moshi wa bluu unatoka pale mwanzo mwanzo, kama kuna kitu kinagonga utakisikia kabla oili haijasambaa juu, ikishapata moto vingi vinanyamaza. Nikamuuliza, mbona imewashwa na mi nilikuomba? Akamgeukia fundi, "kaka tulikuwa tunaisogeza tu." Kaka! Aliyeuliza ni mimi, anayenunua ni mimi, hela ni zangu, anamjibu fundi. Na ikawa hivo hivo asubuhi nzima, kila ninachouliza jibu linaenda kwa mwanaume aliyesimama pembeni, mpaka fundi mwenyewe akaona aibu akamwambia "ongea na dada, mi nimekuja kuangalia tu." Akaitikia, dakika mbili tu, karudi kule kule.

Sasa tairi. Tangazo lilisema tairi mpya na yeye akarudia kwa mdomo wake tairi zote mpya hizo. Kwenye ubavu wa tairi kuna maandishi ya DOT na mwishoni mwake kuna tarakimu 4, mbili za mwanzo ni wiki iliyotengenezwa na mbili za mwisho ni mwaka, hakuna uchawi hapo. Nikainama na tochi ya simu. Za nyuma kweli zilikuwa za juzi juzi. Za mbele zimeandikwa 1116, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2016, meno bado marefu kwa hiyo ukiangalia kwa mbali unaona mpya, lakini ukiukunja ule mpira kwa kidole nyufa ndogo ndogo zinafunguka ubavuni. Nikamwonyesha. Akasema "zinatembea hizo." Sijakuuliza kama zinatembea, umesema mpya!

Mambo mengine yalikuwa sawa na nitende haki. Namba ya chasi ile ya herufi na tarakimu 17 ilikuwa ile ile kwenye kioo, kwenye mlango na kwenye kadi. Chini ya kapeti pakavu, reli za viti hazina kutu, kwa hiyo haijaogelea kwenye maji. Pedali zimechakaa kiasi kinachoendana na kilomita zinazosomeka. Kuna kitu kimoja fundi alikiona alipochomeka mashine ya kusoma injini, makosa hakuna, lakini ile mifumo ya gari kujipima yenyewe ilikuwa inaonyesha haijamaliza kujipima, na hiyo maana yake mara nyingi ni kwamba kumbukumbu ya makosa imefutwa muda si mrefu au betri ilichomolewa. Inaweza kuwa betri tu, gari ikikaa yadi betri hufa. Tuliomba tuizungushe barabarani kwa muda mrefu kidogo ijipime, muuzaji akanuna, anasema mafuta, nikamwambia mafuta naweka mimi. Tukazunguka, ikajipima, taa ya onyo ya injini haikuwaka, safi.

Sasa tuje kwenye bei maana ndo kilichonileta hapa.

Mi siendagi kupatana bei kwa kulia lia, sijui kaka nipunguzie, sijui mi mteja wako, hapana. Nilikuwa nimeshaulizia bei za gari kama ile sehemu tofauti, mwaka ule ule na kilomita zinazokaribiana, najua inauzwaje. Nilikuwa nimeshaulizia na bei za spea. Kwa hiyo nikatoa karatasi nikaandika mbele yake. Tairi mbili za mbele. Pedi za breki za mbele, zimebaki nyembamba, fundi kamwonyesha kwa tochi kupitia matundu ya rimu. Na kubwa kuliko vyote mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu za injini zifunguke na kufunga kwa wakati wake, gari hii inatumia mkanda wa mpira sio mnyororo, kilomita zake zimeshafika kule ambako mkanda unabadilishwa, na hakuna stika wala risiti wala mtu anayejua kama umewahi kubadilishwa. Injini nyingi mkanda ule ukikatika ukiwa barabarani valvu zinakutana na pistoni na hapo unaongelea kufungua injini yote. Sio kitu cha kusema tutaona mbele ya safari, unabadilisha kwanza ndo unaanza kutembea. Nikajumlisha vyote, nikatoa kwenye bei yake, nikamwambia nakupa hii.

Yaani sikumtukana. Sikusema gari mbovu. Nilimwonyesha hesabu.

Akaiangalia ile karatasi, akacheka kidogo, akasema, na hapa nanukuu maana haijanitoka kichwani, "dada kama hela haitoshi si useme tu, za bei yako ziko kule nyuma." Akanyoosha na mkono kabisa kuonyesha kule nyuma. Palikuwa na wateja wengine wamesimama. Kuna mama na binti yake wakageuka wakaniangalia.

Hebu niambieni, kupatana bei ya kitu kilichotumika ni tusi? Gari iliyotumika haina bei moja iliyoandikwa mbinguni, bei yake ni hali yake, na hali yake ndo hiyo tuliyoikagua pamoja kwa tochi. Wewe umeweka bei juu kwa sababu unajua mtu atapunguza, mimi nimepunguza kwa sababu, sasa hasira za nini, na kwa nini mtu akileta sababu anaonekana hana hela? Asiyekuwa na sababu yoyote, anayesema tu punguza punguza, huyo alimchekea vizuri tu, nilimwona na mteja mwingine pale pale wanapigana mabega. Nadhani kilichomuudhi sio bei. Kilichomuudhi ni kwamba karatasi ile ilikuwa imeandikwa na mimi.

Nikanyamaza. Hiyo nawaambia inasaidia sana, ukishataja bei yako nyamaza, usijieleze mara mbili, anayeongea kwanza ndo anayeanza kushuka. Nikakaa kimya namwangalia. Akaanza, ooh kuna mtu anakuja jioni na hela mkononi. Nikamwambia mwache aje. Ooh hii gari hairudi tena ikiondoka. Kimya. Ooh ngoja nikamuulize bosi. Akaenda ndani akakaa, akarudi na bei imeshuka kidogo, nikarudia bei yangu nikapandisha kiasi kidogo, kwa sababu pedi zilikuwa bado zinaweza kutembea muda, ni haki yake. Tukavutana hapo. Mwisho akasema haya, akataja bei, nikasema hiyo ndo bei ya mwisho ya kila kitu, natoka na gari? Akasema ya kila kitu. Tukapeana mikono, fundi shahidi. Wakati ule hata hasira zilikuwa zimeshuka, nikasema moyoni basi bana, ana mdomo mbaya ila kazi anaijua, kama ningeandika saa ile ningempa hata nyota tatu.

Tumeingia ofisini.

Kwanza ananiuliza "kwa mwezi unaweza kulipa ngapi?" Nikamwambia nalipa yote kwa mara moja, tulishaongea. Akaendelea, mwezi unakuwa kidogo tu dada, hausikii. Hiyo nayo muiangalie sana, wakikuhamisha kutoka bei ya gari wakakupeleka kwenye malipo ya mwezi umeshapoteza hesabu, maana mwezi unaweza kushushwa kwa kurefusha miaka tu, unaona rejesho dogo unafurahi kumbe jumla imenenepa. Nikakataa. Akachapa karatasi akanisogezea nisaini huku kafunika sehemu ya juu na mkono wake, sijui makusudi sijui bahati mbaya lakini mkono ulikuwa juu. Nikautoa ule mkono. Bei tuliyokubaliana ipo, chini yake kuna maandalizi ya gari, chini yake kuna usafi, chini yake kuna ada ya nyaraka, na ukijumlisha vyote hela aliyopunguza nje karibu yote imerudi ndani. Usafi! Gari ilikuwa na vumbi la dashibodi unaweza kuandika jina lako.

Nikamuuliza, si ulisema bei ya kila kitu? Bila hata kupepesa macho ananiambia "ile ya nje ni bei ya gari, hii ya ndani ni ya kuitoa."

Sasa mtu akiongea hivo unamjibu nini. Ada za serikali za kubadilisha umiliki hizo naelewa, zipo na zina risiti, hizo silalamiki na nilikuwa nimezitenga. Lakini kuniandikia maandalizi ya gari uliyoiweka dirishani kwa ajili ya kuuza? Kuiandaa ndo biashara yako! Na kama zipo kweli kwa nini hukuzitaja tulipokuwa tumeinama kwenye tairi? Unazificha mpaka mtu ameshachoka, ameshaipenda gari, fundi ameshatumia siku yake, halafu ndo unazileta ukijua watu wengi wanaona aibu kunyanyuka kwenye kiti. Hiyo sio kupatana bei tena, huo ni mtego.

Mi nilinyanyuka. Nikachukua karatasi yangu, nikamwambia fundi twende, tukaondoka. Muuzaji hakunyanyua hata kichwa.

Jioni yake nikapigiwa simu na mzee mmoja, kumbe ndo bosi mwenyewe. Na hapa ndo nachanganyikiwa na hii riviu maana yule mzee, Mungu ambariki, aliniamkia vizuri, akaniambia mwanangu nimesikia kilichotokea, bei mliyopeana mikono ni ipi, nikamtajia, akasema njoo hiyo hiyo. Sikumwamini. Nikamwambia naomba uniandikie kwenye meseji, jumla, bila nyongeza yoyote isipokuwa ada za serikali kwa risiti. Akaandika. Nikarudi na fundi, safari hii injini tumeikuta ya baridi kabisa, ikawashwa mbele yangu, haikutoa moshi wala kugonga, imetulia. Kuandikishana hakukuchukua hata muda wa kumaliza soda. Kwa hiyo inawezekana! Bosi wao anaweza, heshima anayo, bei inasimama pale pale, sasa yule kijana anafundishwa na nani mambo yale? Au ndo mchezo wenyewe, mmoja anakuumiza mwingine anakupoza? Nimelifikiria sana hili na sipati jibu, mzee alionekana mkweli machoni lakini yule kijana bado yuko pale pale anapokea wateja.

Gari nimeshabadilisha mkanda na tairi, na fundi alipoutoa ule mkanda wa zamani ulikuwa na mipasuko kwenye meno, akanikabidhi nimeuweka nyumbani. Inatembea vizuri sana, gea inaingia laini, breki zinashika, kwenye mlima haihangaiki, naipenda. Kama mngeniuliza kuhusu gari peke yake nyota tano bila kufikiri. Kuhusu mzee nyota nne. Kuhusu yule kijana sitoi hata moja na kama kuna namna ya kwenda chini ya hapo nitakwenda, na kwa sababu yeye ndo mlango wa pale, mkiingia mnaanza na yeye, nawaambia msiende. Au nendeni lakini ombeni mzee. Aah, hapana, msiende, maana jambo lenyewe halijaisha.

Ni hivi, gari ilitakiwa kuja na funguo mbili. Wa pili haukuwepo siku ile, na ufunguo wa gari hizi una chipu ndani lazima usajiliwe kwenye gari yenyewe, sio wa kwenda kuchongesha tu. Mzee akamwagiza yule kijana auandike kwenye mkataba kwamba wanadaiwa ufunguo, akauandika kwa mkono wake mwenyewe na kusaini pembeni. Juzi nimempigia nimuulize umefikia wapi. Akaniambia "dada si ulipunguziwa bei?"

Nimeshampigia mzee, simu inaita haipokelewi. Mkataba ninao, wiki hii narudi pale na fundi.