Canon 50mm f/1.8 STM kwenye 700D: lenzi tamu, ila pima sebule kwanza

Wadau wa picha, nina mwaka na nusu na hii Canon EF 50mm f/1.8 STM, naifunga kwenye kamera yangu ya Canon 700D, kazi zangu ni send-off, kipaimara na picha za familia majumbani hapa Dar, na naiandikia leo kwa sababu watu wananiuliza sana waichukue au waache, na jibu linategemea kamera uliyonayo kuliko hata lenzi yenyewe.

Siku nainunua nilimuuliza muuzaji mara mbili, kaka hii itatosha kupiga watu wengi sebuleni? Akasema dada, 50 ni 50 tu, ndo jicho la binadamu hilo. Jumamosi yake nikaenda kwa familia moja Magomeni, bibi kakaa kwenye kochi katikati, watoto na wajukuu wamejipanga, jumla wanane. Nainua kamera namuona bibi na wawili tu. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati la vyombo, bado, nikatoka nikapigia koridoni na bado mjomba wa mwisho kakatwa bega. Ikabidi nirudishe ile lenzi ya zumu ya milimita 18-55 iliyokuja na kamera, na kwa mwanga hafifu wa pale picha zikatoka na chenga, vile vipunjepunje vya picha za gizani. Iliniuma sana, bibi alikuwa kavaa khanga mpya na kasubiri tangu asubuhi.

Sasa tatizo ni sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachodaka picha, na hili hakuna aliyeniambia. Milimita 50 ni za lenzi, hazibadiliki hata uifunge wapi, kinachobadilika ni kipande ambacho sensa inakidaka. Chukua khanga uitandaze, mji na pindo zake, hiyo ndo picha nzima inayoletwa na lenzi. Kamera ya fulu fremu kama 6D sensa yake ni milimita 36 kwa 24, inabeba mpaka pindo. 700D ni 22.3 kwa 14.9, inabeba mji peke yake na pindo lote linabaki nje, halafu ule mji ukiukuza uwe saizi moja na khanga nzima unaona kama vitu vimesogezwa karibu. Ndo ile mara 1.6 ya Canon mnayoisikia (sensa ndogo za Nikon na Sony ni 1.5), 50 mara 1.6 ni 80, yani unaona upana uleule anaouona mwenye fulu fremu akiwa na 80.

Hesabu ya kujua usimame wapi ni rahisi, chukua upana wa kundi, zidisha na milimita za lenzi, gawanya kwa upana wa sensa. Wale wanane walichukua kama mita 4, kwahiyo 4 mara 50 gawanya 22.3, karibu mita 9! Mwenye 6D angesimama mita 5 na nusu hivi. Sebule nyingi nazoingia hata hizo mita 5 hazina.

Ila kwa mtu mmoja hii lenzi naipenda kweli. Unasimama kama mita moja na nusu unapata kichwa na mabega, na kwa umbali huo sura inakaa kama ilivyo, pua haivimbi kama ukimsogelea mtu na 18. Bi harusi kwenye send-off, taa za ukumbi zile za rangi nyuma yake zinageuka vidoa laini, macho yamekaa makali unahesabu kope. Na f/1.8, yani ukubwa wa tundu la kuingiza mwanga (namba ndogo ndo tundu kubwa), ukilinganisha na f/5.6 ya ile 18-55 ikiwa imevutwa mwisho, inaingiza mwanga karibu mara 10, hapo chenga zinapungua zenyewe. Nyepesi, gramu 160 tu, sehemu ya kufungia ni chuma na inasogelea kitu mpaka sentimita 35, pete na hina unazipata vizuri.

Kasoro zipo. Haina kituliza mtikisiko, mi spidi ya shata sishuki chini ya 1/100 ya sekunde nikiwa nimeshika mkononi. Gizani inatafutatafuta fokasi. Na ile shingo ya mbele inatoka nje ikifokasi, ukiizima ikiwa imechomoza halafu igongwe ndani ya begi unaweza kuiua, mi nalenga kitu cha mbali kwanza irudi ndani ndo nazima.

Kabla hujanunua fanya hivi, weka 18-55 yako kwenye 50, bandika selotepu zumu isisogee, piga kazi nzima hivyohivyo. Ukijikuta unagonga ukuta kila saa, chukua EF-S 24mm f/2.8, kwa sensa yetu inakaa kama 38 na wale watu wanane inawamaliza kwa mita 4 na kidogo. Mi nilikuja kuichukua, nikarudi Magomeni kwa bibi bila malipo na mjomba safari hii yupo mzima na mabega yote mawili.

Ila mwenye mpango wa kuhamia fulu fremu ya EF kama 6D anunue 50 kwanza, hiyo 24 ni EF-S, yani ya kamera za sensa ndogo, haifungi kwenye bodi hizo.