Ukoo wa Wettin: nchi igawanywe kwa wana wote, au apewe mmoja?

Mwaka 1485 ndugu wawili wa ukoo wa Wettin, Ernst na Albrecht, waligawana Saksonia, nchi waliyotawala katika Ujerumani ya leo, na vizazi vyao vikashika njia mbili tofauti za urithi.

Kwa Ernst, kila mtoto wa kiume alidai fungu lake. Tazama Gotha, mojawapo ya nchi za tawi hili: mtawala wake Ernst Mcha Mungu, mzao wa Ernst yule wa kwanza, alifariki 1675 akiacha wana saba, na kufikia 1680 nchi ilikuwa imekatwa vipande saba: Gotha, Coburg, Meiningen, Römhild, Eisenberg, Hildburghausen na Saalfeld. Vijinchi vidogo, lakini kila mtawala alitaka kasri lake, na gharama ilimwangukia mkulima. Watatu walikufa bila kuacha mrithi wa kiume. Ugomvi wa kugombea mafungu yao ulifika hadi 1735.

Albrecht aliweka masharti mwaka 1499 ya kuzuia nchi isisambaratike. Mzao wake Johann Georg I aliyalegeza, akawakatia wanawe wadogo maeneo ya Weissenfels, Merseburg na Zeitz, ila yote yalirudi kwa tawi kuu ifikapo 1746. Tawi hili la Albrecht ndilo lililopata ufalme wa Saksonia mwaka 1806.

Kwa raia, naona njia ya Albrecht ilikuwa bora bila shaka. Lakini kwa kuendeleza ukoo, wingi wa matawi ulisaidia: ni kutoka tawi dogo la Saalfeld, lililokuja kurithi Coburg, alikotoka Leopold, mfalme wa kwanza wa Ubelgiji mwaka 1831, na Albert, aliyemwoa Malkia Victoria mwaka 1840.