Paa la bustani au tangi la mvua kwa nyumba za Arusha?

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, maji ya mapaa ya mabati ya Arusha hukimbilia mitaroni kwa dakika chache, na mengi huishia katika mito ya Naura na Themi. Paa la bustani, yaani udongo na mimea juu ya zege lisilovuja, hunyonya sehemu ya maji hayo na kuachilia mengine polepole. Lakini udongo wa sentimita 10 ukilowa huweza kuzidi kilo 100 kwa kila mita ya mraba, mzigo ambao kenchi za mbao hazikujengwa kuuhimili. Tena, mvua ikinyesha mfululizo, udongo uliokwisha kushiba hausaidii sana.

Tangi nalo hujaa upesi: milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000. Hata hivyo, kwa nyumba za kawaida ningechagua tangi, hasa kwa kuwa maji ya ardhini katika sehemu nyingi za Arusha yana floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa, ilhali ya mvua karibu hayana kabisa. Paa la bustani linafaa maghorofa mapya ya katikati ya mji, ambako mhandisi anaweza kuupangia uzito huo tangu msingi.