Padi, mausi au kibodi: cha kununua Dodoma kwa magemu ya kutungua vyombo vya anga

Magemu haya hayadai laptop mpya. Tyrian ilitoka mwaka 1995 kwa kompyuta za DOS (mfumo wa zamani wa amri za maandishi), na OpenTyrian, toleo lake la programu huria, bado linachora picha ya nukta 320 kwa 200. Laptop ya mtumba iliyochoka kabisa inalicheza bila kukwama (mtumba wa dukani, si kata ya Mtumba yenye Mji wa Serikali). Chromium B.S.U. ya mwaka 2000 inataka kidogo zaidi kwa kuwa inatumia OpenGL, njia ya kuchora kwa chipu ya picha, lakini chipu ya Intel ya miaka kumi iliyopita inaimudu vizuri. Kwa hiyo hela ya kuongeza RAM iache mfukoni. Kinachokuua kwenye magemu haya kipo chini ya vidole: kibodi isiyosikia vitufe vitatu kwa pamoja, au kibao cha kugusa cha laptop kinachoteleza kwa jasho la saa nane mchana. Hapa tunapanga kwa ubora vifaa vya kuchezea tu: padi, mausi na kibodi.

Weka kwanza magemu yetu matatu, yaani Chromium B.S.U., Kobo Deluxe na OpenTyrian, ndipo uende dukani, kwa sababu utajaribu kila kitu juu ya laptop yako mwenyewe. Kwenye Linux ya Ubuntu, Mint au Debian, andika kwenye terminal (dirisha la amri):

sudo apt install chromium-bsu kobodeluxe opentyrian

Angalia jina vizuri. Ukiandika "chromium" peke yake utaletewa kivinjari cha intaneti, mzigo mkubwa ambao bando lako halikuutaka. Opentyrian isipoonekana, ujue sehemu ya ghala la programu iitwayo contrib kwenye Debian, au multiverse kwenye Ubuntu, haijawashwa. Tena OpenTyrian ni injini. Picha, sauti na ngazi zimo kwenye mafaili ya Tyrian 2.1, ambayo wenyewe waliyaruhusu yagawiwe bure tangu 2004. Pakua tyrian21.zip, ifungue, kisha ielekeze injini huko:

unzip -LL tyrian21.zip
opentyrian -t ~/tyrian21

Hiyo -LL inageuza majina ya mafaili kuwa herufi ndogo. Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo, na injini inatafuta ndogo. Zip ikikumwagia mafaili kwenye folda yenye jina jingine, andika jina la folda hiyo. Ukipendelea njia ndefu ya --data=, usiweke alama ya ~ baada ya alama ya usawa (=), maana bash, programu inayosoma amri zako, haiifungui pale; andika $HOME. Wengi hukwama hapa wakidhani wamepakua faili bovu.

Sasa jaribu ulichonacho kabla ya kutoa hata shilingi. Fungua kihariri chochote cha maandishi, shikilia mshale wa juu na wa kushoto kwa pamoja, kisha gonga space. Nafasi ikiingia, vizuri. Rudia kwa pembe zote nne: juu-kulia, chini-kushoto, chini-kulia. Kibodi nyingi za laptop zinafeli pembe moja, na hiyo moja ndiyo utakayoihitaji adui akikubana ukutani. Sababu ni nyaya: vitufe vimepangwa kwa safu za kwenda na za kushuka, na kwenye kibodi za bei nafuu hakuna diodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwa kila kitufe. Vitufe vitatu vikiangukia pembe tatu za mstatili mmoja, kibodi haiwezi kujua kama cha nne nacho kimebonyezwa, hivyo inakinyamazia kimoja. Chombo kinaendelea kwenda, risasi zimekata.

Dawa yake ni bure. Kwenye OpenTyrian, ukiwa kwenye duka la silaha kati ya misheni, fungua Options, halafu sehemu ya Keyboard, uhamishe kufyatua kwenda Z au X, urudie jaribio kwa kitufe hicho. Ukiamua kutumia Shift kwenye Windows, zima kwanza Sticky Keys na Filter Keys: ya kwanza huibuka ukigonga Shift mara tano, ya pili ukiishikilia Shift ya kulia sekunde 8.

Kuna mtego mwingine unaowafanya watu waseme laptop imepigwa virusi. Kwa mpangilio wa kuzaliwa, Ctrl na Alt hufyatua vile vyombo vidogo viwili vya pembeni. Ukivifyatua vyote huku ukienda kwa mishale, umebonyeza Ctrl+Alt+mshale, na kwenye Linux nyingi hiyo ni amri ya kuhama dawati. Kwenye Windows yenye dereva za zamani za Intel ni vibaya zaidi: skrini inageuka ubavu au kichwa chini, kutegemea mshale. Bonyeza Ctrl+Alt+mshale wa juu irudi sawa, kisha zima njia hizo za mkato kwenye mipangilio ya Intel. Alt na Enter kwa pamoja nazo zinakutoa kwenye skrini nzima, na Enter ndiyo inayobadili namna ya silaha ya nyuma. Ukishahamisha vitufe hivi mbali na Ctrl na Alt, na pembe nne zikapita, huna haja ya kununua chochote kwa ajili ya OpenTyrian.

Kama bado unataka kununua, kwa mpangilio wetu ya kwanza ni padi ya waya ya USB, ile ya umbo la padi za PlayStation 2. Ndiyo rahisi kupatikana katikati ya mji, na hukulipa zaidi kwa kila shilingi. Bei inapanda na kushuka kwa kila mzigo unaotoka Kariakoo, kwa hiyo linganisha maduka matatu, usishikwe na la kwanza. Wala usilipie taa za rangi.

Dukani, salimia, halafu uombe wazi: "Kaka, naomba niijaribu kwenye laptop yangu kabla sijalipa." Akikataa, nenda duka la pili. Chomeka, na kwenye Windows andika joy.cpl kwenye Run. Kwenye Linux weka kifurushi cha joystick ukiwa bado nyumbani, uandike jstest /dev/input/js0. Tazama namba (kwenye Windows, alama inayosogea), si taa za padi. Anza na ule msalaba wa mwelekeo: ukisukuma kwa mshazari, namba mbili zinapaswa kubadilika kwa pamoja. Padi mbovu inarukaruka: mara namba moja, mara mbili. Kwa OpenTyrian utavumilia. Kwa Kobo Deluxe utakufa, kwa sababu pale chombo kinakwenda pande nane na ngome za adui huingiwa kwa mshazari. (Kobo ni mjukuu wa Bosconian ya Namco, 1981. Watoto wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wakiicheza hudhani imetoka mwaka jana.)

Kisha achia vijiti viwili bila kuvigusa. Namba zikiwa zinatembea zenyewe, vijiti vimelegea. Chombo kitakuwa kinavutwa upande mmoja siku zote. OpenTyrian ina kipimo cha Threshold ndani ya mipangilio ya Joystick, kipandishe kidogo kidogo hadi chombo kitulie, lakini kwa padi mpya hiyo ni sababu ya kuirudisha. Mwisho, pinda waya pale unapoingia kwenye padi huku ukitazama skrini. Ikipotea na kurudi, waya umekatika ndani.

Kitufe cha Analog chenye taa nyekundu kinachanganya wengi. Kwenye padi nyingi za aina hii, taa ikizimwa kijiti cha kushoto kinaiga msalaba, na ikiwashwa kila kimoja kinajitegemea. Chagua hali moja kabla ya kupanga vitufe, la sivyo mpangilio wako utaonekana umefutika kesho yake kumbe ni taa tu.

Zile padi pacha, mbili kwenye plagi moja ya USB, ni chaguo zuri kwa nyumba yenye ndugu, maana Tyrian ina hali ya wachezaji wawili ambamo vyombo viwili huweza kuungana kuwa kimoja. Hakikisha jstest inaona js0 na js1. Ikionekana moja tu, mtacheza mkigombania chombo kimoja.

Vumbi la kiangazi cha Dodoma litaingia tu, hata ukiifunga kwenye kitambaa. Kitufe kikianza kutaka kubonyezwa kwa nguvu, fungua skrubu za nyuma, toa mpira wa ndani, futa nukta nyeusi na sakiti yake kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke kabisa. Usikwangue zile nukta nyeusi kwa kisu: ni kaboni, ndiyo inayopitisha umeme.

Nafasi ya pili ni mausi ya waya. Na kama unachocheza ni Chromium B.S.U. peke yake, basi hii ndiyo ya kwanza, bila ubishi. Gemu lile lilitengenezwa kwa mausi. Kila adui anayekupita na kufika chini ya skrini anakukatia uhai mmoja, kwa hiyo unahitaji kuvuka skrini kwa pigo moja la mkono, jambo ambalo mshale wa kibodi hauwezi. Kitufe cha kuzingatia ni cha kulia. Kukigonga mara mbili haraka ni kujilipua, mbinu ya kuokoa risasi ulizokusanya kwa ajili ya chombo kitakachofuata. Mausi iliyochakaa hugonga mara mbili ukiwa umebonyeza mara moja, na hapo utajilipua bila kukusudia. Jaribu kwa kubofya kulia mara ishirini taratibu juu ya eneo tupu la skrini: menyu ikifunguka na kujifunga yenyewe hata mara moja, iache. Chukua na kipande cha mpira cha kuwekea, kwa sababu meza ya kioo huzipoteza mausi nyingi za mwanga.

Ya tatu ni kibodi ya nje ya USB. Inunue pale tu ya laptop imefeli na vitufe ulivyohamisha vimefeli pia, kwa sababu ya bei nafuu ina ugonjwa uleule. Fanya jaribio la pembe nne palepale kaunta. Maneno ya kwenye boksi hayasaidii.

Padi zisizo na waya tumeziweka mwisho. Nyingi za zile zenye sura ya PS3 au PS4 ni nakala. Kuunganisha kwa Bluetooth kunagoma mara kwa mara, na chaji inaisha umeme ukiwa umekatika. Ila kama nyumbani kuna padi halisi ya PS4, usinunue kitu. Ichomeke kwa waya wa micro-USB, Linux itaitambua yenyewe. Isipoonekana, badilisha waya kwanza: waya nyingi zinazouzwa mtaani zina nyuzi za chaji tu, hazina za data.