Karani wa chama chetu Kibuye: miezi saba na BotFather na python-telegram-bot

Mimi ni katibu wa chama cha akina mama 34 wanaouza mitumba, mboga na omena katika soko la Kibuye, hapa Kisumu. Kila Jumatatu kila mmoja anatoa shilingi 200. Kwa miaka minne Jumatatu yangu usiku ilikuwa ya kazi moja: kupekua grupu, meseji moja baada ya nyingine, nikiandika kwenye daftari nani ametuma M-Pesa na nani bado. Meseji hizo huwa zimezama katikati ya salamu, picha za harusi na matangazo ya mazishi. Siku moja nikamruka mama aliyekuwa ametoa, nikamsoma mbele ya wenzake kama mdaiwa. Alinyamaza tu. Usiku ule sikupata usingizi, na kesho yake nikaanza kutafuta roboti wa kushika hesabu, yaani programu inayosoma na kujibu meseji yenyewe. Naandika roboti kwa makusudi, maana hapa kwetu ukisema boti watu wanageuka kutazama ziwani.

Ninavyovitathmini ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja. BotFather ni roboti wa Telegram yenyewe (programu ya meseji kama WhatsApp), kazi yake kusajili roboti wengine. python-telegram-bot ni maktaba ya bure, yaani mkusanyo wa msimbo ulioandikwa tayari, kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ambayo kwayo unamfundisha roboti wako kazi. Grupu letu lilikuwa WhatsApp kama la kila mtu, lakini huko sikuona njia rasmi iliyo nyepesi kwa mtu wa kawaida kumwingiza roboti ndani ya grupu, na zile programu za pembeni zinaweza kukufungisha nambari. Nambari yangu ndiyo ya biashara, siwezi kuichezea. Telegram ilifungua mlango wa roboti mwaka 2015 na haidai malipo kwa matumizi kama yetu.

Kuanzisha ni rahisi kweli. Unamwandikia BotFather /newbot, anakuuliza jina, kisha jina la mtumiaji ambalo lazima liishie na bot, kisha anakukabidhi tokeni, mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi. Huo ndio ufunguo wa nyumba. Aliye nao anaongea kwa jina la roboti wako, kwa hiyo usiubandike mahali popote ukiomba msaada. Ukivuja, amri ya /revoke inaufuta na unapewa mwingine. Dakika kumi zilinitosha. Tukamwita Karani.

Nikamwingiza kwenye grupu, nikamwomba mweka hazina wetu aandike "nimetoa". Kimya. Akaandika tena. Kimya. Akanipigia simu: "Nyathina (mwanangu), huyu karani wako ni bubu?" Nilikesha nikitafuta kosa ndani ya msimbo wangu, na kosa halikuwepo. Roboti wa Telegram huzaliwa na hali ya faragha ikiwa imewashwa: ndani ya grupu husikia amri zinazoanza na mkwaju, yaani alama ya /, majibu anayoandikiwa yeye, na machache mengine. Unaizima kwa BotFather kupitia /setprivacy, halafu unamtoa roboti kwenye grupu na kumrudisha, la sivyo mabadiliko hayashiki. Hapo pa kumtoa na kumrudisha ndipo nilipopotezea usiku wangu. Ukimfanya msimamizi wa grupu pia anasikia yote. Naunga mkono hali hiyo ya faragha, kwa sababu watu hawapaswi kusikilizwa bila kujua, na sisi tuliwauliza wanachama wote kwanza. Ila BotFather angelisema jambo hilo palepale anapokupa tokeni.

Sasa nije kwenye kumwongezea kazi, maana hapo ndipo maktaba hii ilinishika moyo. Ndani yake unaandika vipokezi, yaani vipande vidogo vya msimbo, kila kimoja kikingoja ujumbe wa aina yake. CommandHandler hungoja amri, MessageHandler hungoja maneno ya kawaida. Unaweza kuanza na kimoja, ukakitumia mwezi mzima, kisha ukaongeza kingine bila kubomoa cha kwanza. Nilianza na /deni peke yake: mwanachama anaiandika, Karani anamjibu anadaiwa ngapi.

Kazi ya pili ilikuwa kusoma meseji za M-Pesa zinazobandikwa. Nambari ya muamala ina herufi na tarakimu 10 kwa jumla, basi ruwaza moja, yaani kielelezo cha kutafutia maandishi, inatosha kuichomoa pamoja na kiasi, na vyote nikavihifadhi kwenye SQLite, hifadhidata ndogo. Nambari ikijirudia, Karani anasema hii tayari ninayo. Haoni M-Pesa yenyewe, na hili nawasisitizia wanaotaka kufanya kama sisi: anasoma maandishi tu, na maandishi yanaweza kughushiwa. Mweka hazina bado analinganisha na simu yake kila wiki.

Nilipokuwa nikiandika ruwaza hiyo ndipo nilipotazama vizuri zile meseji nilizokuwa nazisoma kwa miaka minne. Kuelekea mwisho wa kila moja pana salio la aliyetuma. Akina mama walikuwa wakianika salio lao mbele ya wenzao kila Jumatatu, mwenye shilingi 40 zilizobaki na mwenye elfu thelathini, na hakuna aliyewahi kusema neno. Nikamfanya Karani msimamizi wa grupu, nikampa ruhusa ya kufuta ujumbe. Sasa meseji ikibandikwa, anachukua nambari na kiasi, anaifuta, na kuandika tu: "Asante, 200 imeingia." Mistari isiyozidi kumi ya Python. Mama mmoja wa omena alinishika mkono sokoni Jumapili akaniambia ero kamano, yaani asante, na hakueleza ni kwa nini. Sikuhitaji aeleze.

Kazi ya tatu ilikuwa lugha. Hakuna mtu anayeandika mkwaju deni akiwa na mteja mbele yake. Wanaandika nimetoa, nimetuma, nishatuma, nishalipa. Nikapitia meseji za zamani na kuorodhesha. Kiswahili chenyewe kilinisaidia, kwa sababu kukanusha kunabadilisha mwanzo wa neno: "sijatoa" haiwezi kuingia kwenye ruwaza inayotafuta "nimetoa" au "nishatoa". Sikulazimika kuandika kanuni ya ziada. Ila angalia mpangilio: katika kundi moja la vipokezi, cha kwanza kinachokubaliana na ujumbe ndicho kinachoupokea, vingine havipati kitu. Niliweka kile cha maneno ya kawaida juu, kikameza hata /deni, kwa kuwa amri nayo ni maandishi.

Saa ilinitesa kidogo. Nilitaka ukumbusho utoke saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajafungua mizigo, nikaandika 6:00. Ukatoka saa tatu. Usipotaja eneo la saa, ratiba ya maktaba huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Andika Africa/Nairobi na yataisha. Kisha nikamfundisha Karani saa zetu: mtu akiandika "kikao saa nane mchana", ajue ni 14:00. Wenye mashine wanaanza siku usiku wa manane, sisi tunaanza jua likichomoza, na roboti wa Kibuye lazima ajue hivyo.

Malalamiko yangu kwa maktaba ni mifano. Toleo la 20 lilihamia asyncio, mtindo wa Python wa kushughulikia kazi nyingi bila kungojana, na namna ya kuandika ikabadilika. Mifano mingi iliyotapakaa mtandaoni bado ni ya zamani, yenye Updater na Dispatcher, na ukiinakili ilivyo inakataa. Chukua ile inayoanza na Application.builder, au bora zaidi mifano ya maktaba yenyewe, ambayo imeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Pia ile ratiba ya ukumbusho haiji yenyewe unaposakinisha. Lazima uiombe kwa kuongeza job-queue. Maelezo yote ni ya Kiingereza.

Karani anaishi ndani ya simu ya zamani ya Android iliyopasuka kioo, juu ya kabati langu, ndani ya Termux, programu ya kuendeshea Python kwenye simu, niliyoichukua F-Droid, duka la programu za bure. Nilijaribu kompyuta kwanza, lakini mvua za jioni zikija umeme unapotea, na simu ina betri yake. Ipe termux-wake-lock, la sivyo Android inamlaza usingizi. Usiwashe nakala mbili kwa tokeni moja. Nilimsahau yule wa kwenye kompyuta akiwa hai, na wote wawili wakawa wanagombania ujumbe, kosa likiandika Conflict. Mtandao ukikatika usiku, Telegram hutunza ujumbe kwa saa 24, na asubuhi Karani anaupokea wote kwa mfululizo. Zaidi ya hapo unapotea, kwa hiyo tukisafiri mazishini simu hiyo naiachia jirani.

Ningempa BotFather nyota nne na maktaba nne na nusu kati ya tano. Anayejua Python kidogo tu, na mwenye grupu lenye kazi ya kujirudia, aanze wikendi hii kwa amri moja. Asiyetaka kugusa msimbo kabisa asijisumbue, atabaki na roboti mwenye jina na picha asiyejua kitu.

Kuhamia Telegram hatukumaliza. Wanachama saba wana mulika mwizi, zile simu ndogo zisizobeba Telegram. Watatu wengine bando wanazonunua ni za WhatsApp tu, na siwezi kumwambia mtu wa nyanya za shilingi 20 aongeze gharama kwa ajili ya urahisi wangu. Majina hayo kumi nayaandika kwa mkono kila Jumatatu saa mbili usiku, kisha namlisha Karani kwa amri ya /ingiza, ambayo anaikubali kutoka kwangu na kwa mweka hazina peke yetu.